Selimundu: Muhimbili iko jirani na Kariakoo, kipimo ndicho kiko mbali

Dar es Salaam. Kutoka Kariakoo hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, bodaboda haichelewi, labda foleni ya Msimbazi igome. Hapo Muhimbili, tangu mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wanaendesha programu ya selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Imefuatilia maelfu ya wagonjwa.

Hata hivyo, mtoto wa muuza mitumba aliye jirani tu anaweza kufikisha miaka mitatu bila mtu kujua anaumwa nini.

Shida ni kwamba huzaliwa mzima kabisa. Damu ya kichanga bado ina hemoglobini ya tumboni, inayomkinga kwa miezi kadhaa. Ikipungua, chembe nyekundu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo na kufa haraka. Vidole vinavimba, macho yanakuwa ya njano, homa haiishi. Mzazi anawaza malaria. Ananunua mseto, kesho panadol, na siku zinakwenda.

Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania. Wengi wasiogundulika hufa kabla ya miaka 5.

Wanaogundulika mapema wana nafasi nzuri: penisilini, chanjo ya nimonia na dawa ya haidroksiurea. Utafiti wa Angola, DRC, Kenya na Uganda uliotoka 2019 ulionyesha dawa hiyo inapunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto. Tatizo ni kwamba inamezwa kila siku, miaka yote, na mfuko wa mzazi unajulikana.

Vichwa vya habari huenda kwingine. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni, bei yake zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa. Ni hatua kubwa kwa hematolojia, yaani tiba ya magonjwa ya damu, ila zinagusa wachache.

Kinachokosekana ni kidogo mno: tone la damu kutoka kisigino cha kila kichanga. Chanjo ya BCG tayari inawafikia watoto karibu wote wanaozaliwa nchini. Muuguzi yuleyule, siku ileile, angeweza kuchukua na hilo tone.