Jumapili Kanisani, Jumatatu Ofisini

Katika kila mji wetu, asubuhi ya Jumapili, makanisa hujaa. Humo utawaona watumishi wa serikali na walimu, wake kwa waume, katika nguo zao safi. Na wengi wao si wasikilizaji tu, bali ni wazee wa kanisa, waimbaji wa kwaya na watunza hazina. Hilo si jambo la kubeza. Lakini kesho yake asubuhi mwalimu mstaafu, aliyelala njiani usiku kucha kutoka kijijini, hufika dirishani kuulizia mafao yake. Anayemjibu bila ya kuinua kichwa, kwamba jalada halionekani na kwamba aje wiki ijayo, ni yule yule aliyeimba jana kwa machozi. Jalada lenyewe limo masijala. Kulitafuta kungemgharimu karani dakika kumi; kutolitafuta kunamgharimu mzee nauli ya kwenda na kurudi, na pengine ada ya mjukuu.

Mwandishi wa makala haya si mhubiri, wala ukurasa huu si mimbari. Hata hivyo, madhali walio wengi kati yetu tunaolipwa na umma ni watu wa dini, na Wakristo ni sehemu kubwa yao, ni halali kabisa kuuliza imani hiyo inaonekana wapi baada ya kengele ya Jumapili kunyamaza. Nisingependa kulijibu swali hili kwa nadharia. Yafaa zaidi nisimulie habari za walimu wawili wa nchi jirani ya Uganda, ambao baadaye walikuwa maaskofu. Mmoja wao aliwafundisha watoto wetu hapa Dodoma.

Yatupasa kuanzia nyuma kidogo. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church alikutana na Mganda aliyeitwa Simeon Nsibambi. Church alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Gahini, Rwanda, naye alikuwa amechoka na kukata tamaa. Walisoma Biblia pamoja na kusali pamoja. Katika miaka ya 1930 likazuka Gahini vuguvugu la dini ambalo lilienea Uganda, likavuka mpaka na kuingia Bukoba, likafika Kenya na sehemu nyingine nyingi za Afrika ya Mashariki. Kwa Kiswahili twaliita Uamsho. Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookoka, na kutokana na neno hilo sisi tukapata "walokole".

Siku hizi neno hilo limechakaa. Hutumiwa kwa kejeli, au kwa mtu yeyote anayesali kwa sauti kubwa. Hapo mwanzo lilikuwa na uzito mwingine, na uzito huo ulikuwa wa hesabu. Aliyesema kwamba ameokoka alitazamiwa kufanya mambo mawili yasiyompendeza mwanadamu yeyote. Kwanza, aliungama kosa lake kwa kulitaja jina, si kwa kusema tu kwamba sote tu wakosefu. Pili, alirudisha. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa kwa wenyewe, hata wakiwa ni waajiri. Madeni ya zamani yakalipwa. Na watu waliokuwa hawasalimiani wakatafutana. Mzungu mmisionari alimwomba radhi Mwafrika kwa kiburi chake, naye Mwafrika akamwomba radhi Mzungu kwa chuki aliyoificha chini ya heshima. Katika enzi ile ya ukoloni, ambapo watu hao wawili kwa kawaida hawakunywa chai meza moja, hilo halikuwa jambo dogo.

Sisemi kwamba walikuwa malaika. Wapo miongoni mwao waliokuwa wepesi wa kuhukumu, na wengine waliugeuza wokovu kuwa cheo. Lakini kipimo chao cha imani kilikuwa kizuri: hawakuuliza umesikia nini moyoni, waliuliza umemrudishia nani.

Sasa tumtazame mwalimu wa kwanza. Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, akawa mwalimu, na akiwa kijana bado akajiunga na Uamsho. Katika siku zake za awali za imani alijikuta na deni lisilo la fedha. Alikuwa anamchukia Mzungu mmoja mmisionari. Chuki ile haikuwa ya bure, maana mtawaliwa ana sababu zake. Lakini aliona hawezi kuendelea kusali huku ameibeba. Akapanda baiskeli yake, akaenda maili zipatazo 50 katika nchi ile ya milima, akabisha hodi kwa mtu yule na kumwomba msamaha. Anayezijua barabara za Kigezi atafahamu kwamba sehemu kubwa ya safari ile baiskeli haipandwi, husukumwa.

Ndipo baada ya miaka kadhaa akaja Tanganyika na kufundisha Dodoma, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1972 aliwekwa kuwa askofu wa Kigezi.

Mwalimu wa pili ni Janani Luwum, Mwacholi kutoka kaskazini. Naye alifundisha shule ya msingi kabla ya kuokoka mwaka 1948, na mwaka 1974 alikuwa askofu mkuu wa kanisa la Kianglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Wakati huo Idi Amin, aliyeipindua serikali tarehe 25 Januari, 1971, alikuwa amekwisha kuifanya Uganda kuwa nchi ya watu wanaotoweka. Mwanzoni mwa Februari 1977 askari waliivamia nyumba ya askofu mkuu usiku, wakidai kutafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu wakamwandikia Amin barua, wakalalamikia kitendo hicho pamoja na mauaji na dhuluma walizokuwa wakitendewa wananchi. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakasimamishwa mbele ya askari waliokuwa wakipiga kelele za kutaka wauawe. Kisha wengine wakaambiwa waende zao, lakini Luwum akabakizwa. Kivengere alimngojea nje, mpaka akafukuzwa. Kesho yake redio ya serikali ikatangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyesadiki. Maiti yake haikupelekwa Namirembe, ambako kaburi lilikwisha kuchimbwa. Ilizikwa kijijini kwao Mucwini. Watu walikusanyika kuomboleza kando ya kaburi tupu.

Kivengere akapata habari kwamba naye anatafutwa. Yeye na mkewe wakavuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda.

Katika uhamisho alikuwa na uchungu mkubwa, wala hakuuficha. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa kanisani London, yakasomwa maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha. Akajiuliza: je, kama Amin ndiye angekuwa ameshika nyundo na misumari siku ile, angeachwa nje ya sala ile? Akajibu mwenyewe kwamba asingeachwa. Na kama ni hivyo, yeye Festo amepata wapi haki ya kumwacha nje? Mwaka huo huo akatoa kitabu, na jina la kitabu hicho kwa Kiswahili ni "Nampenda Idi Amin".

Nakiri kwamba mara ya kwanza niliposikia jina la kitabu hicho, nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, nilikasirika. Niliona ni maneno ya mtu aliye salama ughaibuni. Nilikuwa nikisoma habari za Kagera: jinsi majeshi ya Amin yalivyovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaua, yakateka na kuharibu, hata tukaingia katika vita vilivyofika Kampala tarehe 11 Aprili, 1979. Mama aliyempoteza mwanawe Kyaka, nilijiuliza, ataambiwa nini na askofu huyu?

Nilikuwa nimekosea, na kosa langu ni la wengi. Nilidhani kusamehe ni kunyamaza. Hebu tutazame alichokifanya Kivengere, si jina la kitabu peke yake. Alikuwa mmoja wa maaskofu waliomkabili Amin kwa barua, wakati ambapo kuandika barua kama hiyo ni kuhatarisha maisha. Alipokimbia hakutulia, alizunguka nchi za nje akieleza dhuluma iliyokuwa ikitendeka, akawatafutia misaada wakimbizi na wanafunzi wa Uganda. Amin alipoondolewa mwaka 1979, alirudi Kigezi kusaidia kujenga. Hakuna mahali alipomwambia mama wa Uganda, wala wa Kyaka, kwamba kilichotendeka si kitu. Alikataa jambo moja tu: kuugeuza moyo wake kuwa kambi ya chuki ya Amin. Mtu aweza kumzuia mwuaji, hata kwa silaha, bila ya kumchukia. Ni vigumu sana, lakini si mambo mawili yanayopingana. Amin mwenyewe alikufa Jeddah mwaka 2003, bila ya kufikishwa mbele ya mahakama yoyote, na hiyo ni aibu ya haki ya dunia. Msamaha wa Kivengere haukumlinda Amin na lolote.

Hapa ndipo penye funzo kwa ofisi zetu, na hapa nitakaa kidogo. Tumezoea kusikia mkuu wa idara akisema, kwa sauti ya ucha Mungu, kwamba amemsamehe mhasibu aliyekula fedha za zahanati, kwa kuwa kijana ana watoto na ameomba radhi huku analia. Ndugu zangu, huo si msamaha. Fedha zile hazikuwa za mkuu wa idara. Ni za wanakijiji waliochanga, na za mgonjwa aliyerudishwa nyumbani bila dawa. Mtu husamehe deni analodai yeye, la hasha deni la jirani! Akitaka kusamehe kweli, na asamehe matusi aliyotukanwa yeye mwenyewe na mhasibu huyo, asimsimange mbele ya wenzake, amsaidie mkewe apate pa kukaa wakati shauri linaendelea. Fedha zirudi zilikotoka. Walokole wa kale wangelifahamu jambo hili bila ya kuelezwa mara mbili.

Na ajabu ni kwamba mkuu huyo huyo, aliye mwepesi hivyo kwa mali ya umma, hawezi kumsamehe karani aliyempinga mkutanoni. Kwa mambo yanayomhusu yeye binafsi kumbukumbu yake haina kutu. Uhamisho wa karani hutiwa saini, likizo yake husogezwa, na taarifa yake ya mwaka huandikwa kwa maneno baridi ambayo hakuna awezaye kuyakatia rufaa. Mwalimu mkuu naye humpangia vipindi vya saa nane mchana mwaka mzima mwalimu aliyemsahihisha mbele ya wanafunzi. Mambo haya hayafiki mahakamani. Ni kutu inayokula bawaba.

Ninayasema haya nikiwa na kutu yangu. Miaka minane iliyopita, katika ofisi moja nisiyoitaja, mkubwa wangu wa kazi aliandika barua juu yangu iliyokuwa na uongo ndani yake. Nilinyimwa nafasi ya masomo. Nilijitetea, na ukweli ukadhihirika kwa wakati wake, lakini nafasi ilikwisha kwenda. Tangu siku ile sikumsalimia. Alipofiwa sikwenda, nikajisingizia kazi. Nakala ya barua ile ningali nayo, na mara kwa mara huitoa nikaisoma, kama mtu anayebandua kigaga ili aone kama kidonda bado kinatoka damu. Kinatoka.

Ndiyo sababu baiskeli ya Kigezi hunishughulisha kuliko kitabu cha London. Wengi wetu hudhani kwamba siku ya jaribu kubwa ikifika tutapata nguvu kubwa. Kivengere hakuipata nguvu ile Ijumaa Kuu kama mtu aokotaye sarafu njiani. Miaka mingi kabla ya Amin alikwisha kujizoeza kwa chuki ndogo, ya mmisionari mmoja, kwa jasho la maili 50. Na watu wa Uamsho walifanya hivyo kila juma katika mikutano yao, wakiungama mambo ambayo wewe na mimi tungeona haya kuyataja kwa udogo wake: maneno makali kwa mke, wivu juu ya cheo cha mwenzake, shilingi chache zisizorudishwa. Walimu wanaelewa. Hakuna mtoto aliyejua kugawanya kabla ya kujua kujumlisha, na hakuna aliyejua kujumlisha bila ya kukosea kwanza.

Kwa hiyo nisingependa kumwambia karani wa masijala ampende adui yake. Pengine hana adui. Ningemwomba ainuke kitini, aende kwenye rafu, atafute jalada la mwalimu mstaafu, na likipatikana amwambie mzee akae kivulini wakati linapelekwa kwa anayetia saini. Zile dakika kumi ndizo kujumlisha kwake.

Kwangu mimi hesabu ni nyingine. Yule mkubwa wangu amestaafu sasa. Juma lililopita niliulizia anakoishi, nikaelezwa: ni mwendo wa saa mbili kwa basi, kisha unatembea kidogo kupita shule. Barua yake ningali nayo mezani. Sijaamua kama nitaichukua au nitaiacha.