Kibao cha Elvis Hakikuhitaji Kupandishwa Cheo

Maharusi wanaingia ukumbini, spika zinaachia sauti ya Andrea Bocelli akiimba "Can't Help Falling in Love", na mezani hakosekani mtu wa kutikisa kichwa na kusema: "Huu sasa ndio muziki wa hadhi." Eti Elvis Presley alikuwa na kibao cha vijana tu, mpaka alipokuja mwimbaji wa tenori akakivika suti. Napinga, tena kwa nguvu zangu zote.

Kibao hicho hakikuokotwa jalalani. Elvis alikirekodi mwaka 1961 kwa ajili ya filamu ya Blue Hawaii, na waliokitunga waliazima mahadhi ya "Plaisir d'amour", utunzi wa mwaka 1784 wa Martini, Mjerumani aliyefanya kazi Ufaransa. Kwa hiyo Bocelli alipokiweka kwenye albamu yake ya Amore mwaka 2006, alikuwa anapokea mali iliyotoka huko huko kwa wakubwa. Hapo nani kampandisha mwenzake cheo?

Tena tunasahau sauti ya opera ilinolewa kwa kazi gani. Ilinolewa ili ivuke okestra nzima na kumfikia aliyekaa kiti cha mwisho, bila kipaza sauti. Ukumbi wa Metropolitan Opera, New York, una viti takribani 3,800. Kazi hiyo inataka pumzi na miaka ya jasho, nami naiheshimu sana. Ila tangu rekodi zilipoanza kunaswa kwa kipaza sauti, mwaka 1925, mwimbaji anaweza kumwimbia msikilizaji kama anayemnong'oneza sikioni. Ndivyo afanyavyo Elvis. Anaanza polepole, karibu na kuongea, waitikiaji wakimfuata kwa mbali, na unamsikia mtu anayejua kwamba anaweza kukataliwa. Kuimba hivyo bila kuteleza ni ufundi mgumu, na wengi wenye vifua vipana umewashinda.

Bocelli mwenyewe hunigusa pale anapoishusha sauti na kuyaacha maneno yapite. Akiikunjua tu, mpenzi ananipotea, nabaki nasikiliza koo. Anayeungama mapenzi hapigi mbiu ya mgambo.

Ndugu msomaji, leo usiku zisikilize rekodi zote mbili mfululizo, ukiwa peke yako, sauti ukiiweka chini. Sikiliza ni ipi inayosema nawe.