Neno la Mhariri: Kisangani Inatuhusu

Toleo hili lote tumelipa Kisangani, mji wa Kongo. Tangu Julai 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo anayefunga safari kwenda mji huo anazuru mji wa Jumuiya yake mwenyewe. Aende akiujua.

Mgeni hupelekwa kwanza kwenye maporomoko ya Mto Kongo, kwa wavuvi Wagenia. Cha kuona kipo: magogo yamesimikwa mwambani na kufungwa kwa kamba za mwituni, na humo madema mapana mdomoni, membamba mkiani, hushushwa kwenye maji yanayonguruma. Atasalimiwa kwa Kiswahili, lugha iliyofika huko na misafara ya pembe na watumwa enzi za Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar. Wengi hupiga picha, wakaondoka. Sisi tunawasihi wabaki.

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Kongo yakiwa marafiki, yalipigana katikati ya mji huu, kila moja likitaka kuushika pamoja na biashara yake ya almasi. Yaligombea daraja la Mto Tshopo, na makombora yakaangukia mitaa ya watu. Kwa tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo, raia zaidi ya 760 waliuawa, takriban 1,700 walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa na watu 65,000 wakakimbia. Shule hazikupona, wala kanisa kuu. Hivyo ndivyo Vita vya Siku Sita, na waliovishuhudia wangali hai.

Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003, Kisangani ikiwemo. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama mwaka 2006, Mahakama iliposema haina mamlaka ya kuisikiliza. Majeshi yaliyopiga yalikuwa mawili. Lililojibu mahakamani ni la nchi moja.

Hatuandiki haya kuchochea chuki kati ya Mkongo, Mganda na Mnyarwanda. Tunaandika kwa sababu walioua na waliouawa wote leo wamo katika Jumuiya moja, na udugu unaosimama juu ya mambo yasiyosemwa hauna nguvu. Vita hivi vifundishwe Kampala, Kigali, Nairobi na Dar es Salaam, kama tunavyofundishana Vita vya Majimaji. Na wewe ukifika Kisangani, ukishatoka kwa wavuvi, nenda mtaani Tshopo, uwaamkie wazee, uwaulize juu ya Juni ile. Lugha ya kuwauliza unayo. Ya kuwasikiliza ni hiyohiyo.