Darasa la Wageni Lisiondoke na Frateri



Likizo moja nilipangiwa utume katika kigango cha kisiwani, jirani na mwalo wa wavuvi wa dagaa. Wiki ya kwanza haijaisha, baba mmoja kutoka Burundi alinifuata baada ya ibada akiwa na daftari mkononi. Lilikuwa daftari la madeni yake kwa tajiri mwenye mtumbwi: nauli, chakula, dawa. Baba huyu anasoma Kirundi vizuri, lakini daftari liliandikwa kwa Kiswahili kilichokatwakatwa, na hesabu zake hakuzielewa. Alitaka kujua jambo moja tu: anadaiwa kiasi gani?

Tukaanza darasa chini ya mwembe. Wakaja wengine kutoka Burundi na Kongo, na Watanzania waliotoka mikoa ya mbali kutafuta riziki ziwani. Mwezi wangu ulipokwisha, baba yule aliniuliza, “Frateri, ukishaondoka, daftari hili nimpelekee nani?” Sikuwa na jibu. Nilipanda meli, na darasa likafa.

Kosa hilo ni langu, lakini naamini si langu peke yangu. Tukienda likizo ya kitume au mwaka wa uchungaji, tunapangiwa kwaya, watumishi wa altareni, mafundisho ya Kipaimara na kutembelea wagonjwa. Yote ni mema. Elimu ya watu wazima, hasa wageni, hubaki hiari ya frateri mmoja mwenye moyo. Maoni yangu ni kwamba iwe sehemu rasmi ya malezi yetu ya kichungaji, na darasa lenyewe liwe mali ya parokia.

Kwa Kanda ya Ziwa jambo hili si geni. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Ukerewe ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa 1971. Hapa Mwanza palikuwa na makao ya mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, ambao vitabu vyake vilianzia kwenye kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi. Mtu alijifunza herufi kupitia jambo alilolijua tayari. Tena darasa lilikuwa la kijiji, na walimu wengi walikuwa wakazi wa palepale. Hakuna aliyesubiri meli imletee mwalimu.

Tukumbuke pia kwamba imani yetu ililetwa ziwani na wageni. Wamisionari wa Afrika walipofika Kageye mwishoni mwa mwaka 1878, hawakuwa wenyeji wa lugha wala wa njia. Walihitaji watu wa kuwaelekeza na kuwafundisha kusema. Kanisa lililozaliwa kwa ukarimu huo haliwezi kumwona mgeni wa mwaloni kama mzigo. Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani mwaka 2018, alitaja mambo manne: kuwapokea, kuwalinda, kuwaendeleza na kuwashirikisha. Sisi tunapokea vizuri. Kwenye kuendeleza ndipo tunapochoka.

Tufanyeje basi? Kwanza, ratiba ifuate mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika. Darasa la kila Jumanne jioni litakuwa tupu nusu ya mwezi, nasi tutasema wavuvi hawapendi kusoma.

Pili, kuanzia siku ya kwanza frateri afundishe pamoja na mtu atakayebaki: katekista, mwalimu mstaafu, au mgeni mwenzao anayejua Kiswahili. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ilee darasa, na frateri anayefuata akabidhiwe orodha na daftari la maendeleo, kama tunavyokabidhiana vifaa vya sakristia.

Tatu, tuandaliwe. Mtu mzima hafundishwi kama mtoto wa chekechea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo kisheria tangu mwaka 1975. Seminari zinaweza kuomba wataalamu wake waje kutufundisha kabla hatujatumwa.

Wapo watakaouliza: je, wasio na vibali? Hofu hiyo ni ya haki. Parokia haipaswi kumficha mtu sheria, wala darasa si ofisi ya uhamiaji. Lakini mtu asiyeweza kusoma fomu atafuataje sheria? Anayejua kusoma ataelewa anachotia sahihi, na ataweza kwenda mwenyewe kwenye ofisi husika badala ya kumlipa mtu wa kati anayemdanganya. Wengine watasema tutatumia darasa kuvuta waumini. Tusifanye hivyo. Mwislamu na Mpentekoste wakae benchi moja na Mkatoliki, na atakayetaka katekesi aifuate kwa wakati wake.

Mafrateri wenzangu, likizo inakaribia. Waparokia, nanyi mnatungojea. Kabla hamjatupangia kwaya, tuulizeni kama tuko tayari kukaa mwaloni, na mtutafutie mtu wa kukaa nasi. Tutakapoondoka, yule baba mwenye daftari ajue mlango wa kugonga.