Tuombe Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlioko Muscat, Dubai, London na Toronto,

Jioni nyingi napita mbele ya banda moja la gemu huku Ng'ambo. Watoto wamejaa mpaka mlangoni, kila mmoja na shilingi zake kiganjani, wanangoja zamu. Wanawataja wachezaji wa Madrid na Manchester kwa majina na namba za jezi. Hatua chache kutoka hapo, barazani, wazee wawili wanacheza bao, na waliosimama wanabishana kuliko wanaocheza. Sijamwona mtoto anayetoka bandani akaenda kukaa barazani. Linaniuma, na ndiyo sababu ya kuwaandikia.

Gemu wanayolipia ni kazi ya watu. Yuko aliyeandika programu, aliyechora, aliyetunga kisa, aliyerekodi sauti, na yuko aliyeicheza mara mia kutafuta kasoro. Wote wamelipwa, na sehemu ya malipo hayo inatoka kwa watoto wetu. Sisi, watu wapatao milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, tumeegemea utalii na karafuu. Ndege ziliposimama mwaka 2020 tuliona wenyewe hoteli zikifungwa na vijana wakirudi nyumbani mikono mitupu.

Najua mtauliza kisiwa kidogo kitaweza wapi. Itazameni Dundee, mji wa Scotland wenye watu wapatao 150,000 tu. Uliishi kwa kusokota juti, nyuzi zinazofumwa magunia kama yale tunayotilia karafuu. Viwanda vya juti vikafa. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha saa cha Timex kikawa kinaunganisha pale kompyuta ndogo zilizoitwa ZX Spectrum, zikaingia majumbani, na vijana wakawa wanakutana kwenye klabu kufundishana. Mmoja wao, David Jones, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho, akaanzisha kampuni ya DMA Design. Mwaka 1991 wakatoa gemu ya Lemmings. Mwaka 1997 wakatoa Grand Theft Auto, ndiyo hiyo GTA inayogombewa bandani kwetu. Chuo Kikuu cha Abertay, cha mji huohuo, kikaanza kufundisha shahada ya gemu za kompyuta mwaka huohuo wa 1997. Angalieni kipi kilitangulia: klabu kwanza, kazi ikafuata, shahada baadaye. Tukikaa kungoja chuo kijengwe, watoto hawa watakuwa na wajukuu.

Na msiseme hao ni Wazungu. Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, walitoa gemu yao ya Aurion mwaka 2016, yenye kisa kilichotoka katika fikra za Kiafrika, huku umeme ukiwakatikia kila mara. Fedha walizipata kwa kuchangisha watu wa kawaida kupitia intaneti. Sisi ambao kamati zetu za harusi hukusanya mamilioni kwa wiki tatu, mchango hatufundishwi na mtu.

Sasa nirudi kwenye bao, kwa sababu naamini pa kuanzia ni hapo.

Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 kwenye ubao na 22 akiba. Kuna kipindi cha namua, halafu cha mtaji. Kuna nyumba na haki zake: lini unaweza kulala hapo, lini unaruhusiwa kusafiri. Fundi wa bao haya yote anayo vidoleni. Mtafiti Alex de Voogt aliandika kitabu kizima, mwaka 1995, kuhusu akili za mafundi hao, na mafundi aliowafuata walikuwa wetu, wa hapa Zanzibar. Lakini mwambie kijana aiandikie kompyuta kanuni hizo, aone kazi. Kompyuta haijui desturi wala haikonyezwi. Itauliza: na mtaji ukizunguka bila kukoma? Maana mtaji wa namna hiyo upo. Kijana atalazimika kwenda barazani, avue viatu, akae, amuulize mzee. Mzee wa pili atapinga. Mabishano yale ndiyo somo lenyewe la programu: kugawa jambo kubwa vipande vidogo, na kila kipande kukipa jibu lisilo na utata. Bao za simu zimeshatengenezwa, ni kweli. Nataka iliyotengenezwa na mtoto wa Mkoani au Makunduchi, fundi wa bao akiwa pembeni yake, na sauti ya mbao zetu ndani yake.

Mnaohofia gemu zinaharibu watoto, hofu yenu naielewa. Mimi mwenyewe sitaki mtoto akeshe bandani. Lakini anayetengeneza gemu anapiga hesabu, anasoma, anachora, na anasikilizana na wenzake.

Vifaa vya kuanzia havina bei. Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni huria tangu 2014. Inakaa kwenye flashi, haidai intaneti ukishaiweka, na haihitaji kompyuta ya kifahari. Blender, ya kuchorea maumbo, ni ya bure pia. Kuandikisha akaunti ya kuweka gemu kwenye duka la Google ni dola 25, mara moja tu. Sitawadanganya kwamba fedha zitamiminika. Gemu za mwanzo huenda zisiuze kitu. Mkono unazoea kazi kabla ya kulipwa.

Tumeshawahi kufanya jambo kama hili. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa 2002, kiliwakalisha mafundi wa ala za kanuni na udi darasani pamoja na vijana, na leo vijana hao wanapiga taarabu.

Kwa hiyo naomba. Wahadhiri na wanafunzi wa SUZA na Taasisi ya Karume, toeni Jumamosi moja kwa mwezi. Nyinyi mlioko Ghuba na Ulaya mnaofanya kazi ya programu, saa moja kwa wiki kwa simu ya video inatosha. Wapiga taarabu, turekodieni vipande vya sauti. Wenye hoteli, kompyuta mnazobadilisha msizitupe. Mafundi wa bao, vijana wakija na maswali ya kitoto, wavumilieni.

Na wazazi, zipo skuli zenye chumba cha kompyuta kinachofungwa Ijumaa mpaka Jumatatu. Ufunguo anao mwalimu mkuu. Nendeni watatu au wanne mkamuombe, mkubali kukaa zamu ya kulinda, na mchangie umeme wa siku hiyo. Jumamosi, saa tatu asubuhi, watoto wawepo mlangoni.