Bastola ya mashindano: Jina la kiwanda au huduma baada ya kununua?

Wakati walenga shabaha wa mataifa mbalimbali wakijiandaa kwa michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, vilabu na mashirikisho ya mchezo huo yanakabiliwa na swali la siku nyingi: bastola ipi ya upepo inunuliwe, na kutoka kwa nani?

Soko la silaha hizo limo mikononi mwa viwanda vichache vya Ulaya. Ujerumani ina Feinwerkbau ya Oberndorf na Walther ya Ulm. Austria ina Steyr, Uswisi ina Morini na Italia ina Pardini. Hata Hämmerli, jina la zamani la Uswisi, lilinunuliwa mwaka 2006 na kundi la Umarex la Ujerumani, ambalo ndilo linaloimiliki Walther tangu mwaka 1993.

Viwanda hivyo hushindana ndani ya uwanja mwembamba. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha (ISSF) zinataka bastola ya mita 10 itumie risasi yenye kipenyo cha milimita 4.5, isizidi gramu 1,500 kwa uzito, na kifyatuo chake kisikubali kuvutwa kwa nguvu iliyo chini ya gramu 500. Aidha, silaha nzima ni lazima itoshe katika kisanduku chenye urefu wa milimita 420, kimo cha 200 na upana wa 50.

Matokeo yake ni kwamba, kwa upande wa usahihi wa mtutu, hakuna tofauti kubwa. Bastola yoyote ya daraja la juu ikifungwa imara mezani hupeleka risasi zake ndani ya duara la kumi, ambalo upana wake ni milimita 11.5 tu. Anayekosa shabaha, mara nyingi, ni mkono wa binadamu.

Tofauti ya kwanza iliyo dhahiri iko kwenye kifyatuo. Morini imejipatia sifa kwa kifyatuo cha elektroni kinachotumia betri, ambacho mguso wake haubadiliki na ambacho humwezesha mchezaji kufanya mazoezi bila risasi pasipo kutega upya kila mara. Feinwerkbau, katika bastola yake ya P8X, imebaki na kifyatuo cha vyuma na springi, huku Steyr ikiuza vya aina zote mbili. Wanaopenda vyuma husema havina betri ya kuisha katikati ya mashindano.

Tofauti ya pili ni mtikisiko. Steyr na Feinwerkbau huweka ndani ya bastola uzito mdogo unaosogea wakati wa kufyatua ili kuupunguza. Ya tatu, na pengine iliyo nzito kuliko zote, ni mpini. Mpini usiolingana na kiganja humlazimisha mchezaji kuirekebisha silaha kwa kifundo cha mkono kila anapolenga, na katika risasi 60 za raundi ya mchujo uchovu huo hujitokeza kwenye pointi.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo orodha za bei hazilionyeshi. Julai 25, 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, bastola ya Manu Bhaker wa India iliharibika katikati ya raundi ya mchujo. Zaidi ya dakika 15 zilipotea kabla hajarejea kwenye nafasi yake, na saa ya mashindano haikusimama kumsubiri. Alimaliza na pointi 575, wakati nafasi ya nane, ya mwisho kuingia fainali, ilichukuliwa kwa pointi 577. Miaka mitatu baadaye, mjini Paris, Bhaker alitwaa medali ya shaba katika shindano hilohilo, akiikosa fedha kwa sehemu moja tu ya kumi ya pointi.

Tukio la Tokyo halithibitishi kwamba kiwanda fulani ni kibovu, kwani chombo chochote huweza kuharibika. Linachothibitisha ni kwamba thamani ya bastola hupimwa pia kwa wepesi wa kupata fundi, vipuri na silaha ya akiba iliyokwisha kurekebishwa kwa mkono wa mwenyewe. Kwa nchi zilizo mbali na Ulaya, ambako kipuri kidogo huweza kungojwa kwa wiki kadhaa, hoja hiyo ina uzito zaidi.

Wanaotafuta nafuu kwa kununua bastola iliyokwisha kutumika wanapaswa kuangalia tarehe iliyochapwa kwenye mtungi wa hewa. Mtungi huo hujazwa kwa mgandamizo unaofikia bar 200, na muda wake wa matumizi ni miaka 10. Ukipita, bastola inayoonekana mpya haifai tena kupelekwa mashindanoni hadi mtungi mwingine ununuliwe, na hapo nafuu iliyotarajiwa hupungua.

Kwa maana hiyo, klabu yenye fedha kidogo haina sababu ya kulikimbilia jina lililoonekana mkononi mwa bingwa. Busara ni kuwapa wachezaji nafasi ya kushika bastola za viwanda viwili au vitatu, kuchagua mpini unaowafaa, kisha kununua aina ile ambayo fundi wake anafikika. Zikinunuliwa za aina moja, vipuri na mitungi vitatumika kwa wote, na siku moja ikigoma, nyingine itakuwa tayari.