Mawe makubwa ya Usa River yaliletwa na nini?

Ukitoka Usa River kuelekea Maji ya Chai na Kikatiti, au ukipanda barabara ya Momella, utaona vilima vidogo vingi vilivyotapakaa. Utaona pia mawe makubwa yaliyokaa peke yake, na wakulima wanalima wakiyazunguka. Hakuna binadamu aliyeweza kuyabeba, na mlima uko mbali. Yalifikaje?

Tangu Desemba 3, 2023 swali hili limekuwa la usalama. Asubuhi ya siku hiyo tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Wapo waliodhani volkano imelipuka. Serikali ilieleza kuwa haikuwa volkano: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikazidiwa, ikakatika. Mawe yaliyobaki Katesh yalisafiri kwa muda mfupi sana, na walioyaona yakifika wangali hai.

Kila jiwe na hadithi yake

Jiwe kubwa lililokaa mahali pasipotarajiwa halikosi hadithi. Huko Seme, katika Kaunti ya Kisumu nchini Kenya, kuna mawe marefu yaliyopangana yanayoitwa Kit-Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza. Wajaluo husimulia kuwa mzee mmoja alilipenda jiwe hilo hadi akawa anashinda hapo kila siku, na mkewe akimpelekea chakula. Mama huyo akiulizwa mumewe yuko wapi, alijibu kuwa amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Hadi leo watu huenda kusali hapo. Mawe hayo hayakusafiri. Udongo uliokuwa umeyazunguka ndio uliochukuliwa na mvua kwa miaka mingi sana, yakabaki yamesimama.

Kaskazini mwa Ulaya yapo mawe makubwa katikati ya mashamba tambarare, na wazee wa huko walisema yalirushwa na majitu au na shetani. Ukweli ni kwamba yalibebwa na barafu. Barafu nene ya mlimani huteremka polepole kama mto, ikisomba mawe, na ikiyeyuka huyaacha. Mwaka 1815 mwindaji wa milima ya Uswisi, Jean-Pierre Perraudin, alimweleza mtaalamu wa miamba Jean de Charpentier kuwa barafu ndiyo iliyoleta mawe ya bondeni kwao. Mtaalamu hakumwamini. Miaka mingi baadaye alikubali kuwa mwindaji alikuwa sahihi.

Meru ulivyobomoka

Kilimanjaro nao una mawe yaliyosukumwa na barafu, ambayo zamani ilishuka chini zaidi kuliko leo. Lakini mawe na vilima vya upande wetu havikuletwa na barafu. Vililetwa na Mlima Meru wenyewe.

Tazama Meru kutoka Momella. Upande wa mashariki haupo, mlima umebaki kama kiatu cha farasi. Wataalamu wa miamba wanakadiria kuwa miaka 8,000 hadi 9,000 iliyopita upande huo ulianguka kwa mkupuo mmoja. Kifusi chake kilifunika zaidi ya kilomita za mraba 1,000, kikafika tambarare zilizo kati ya Meru na Kilimanjaro. Vilima unavyoviona ni vipande vya mlima ule, na Maziwa ya Momella yamekaa katika mabonde yaliyobaki kati ya vipande hivyo.

Meru bado ni volkano hai, ingawa imetulia. Mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Anguko kubwa kama lile hutokea mara chache mno, na hakuna sababu ya kuogopa kuwa litatokea kesho. Jambo la kuangalia zaidi ni lile la Hanang: mvua kubwa, mteremko mkali, udongo laini wa majivu, na korongo linaloelekea kwenye nyumba za watu.

Hadithi inatufaa nini?

Wachagga husimulia kuwa Mawenzi ulizimikiwa na moto, ukaenda kuomba makaa kwa Kibo. Kibo ukachoka kuombwa, ukaupiga mwenzake, ndiyo maana Mawenzi umechakaa na kuchongoka. Wataalamu wanakubali kuwa Mawenzi ulizimika kwanza na kuliwa na mvua na upepo, na Kibo uliendelea kuwaka baada yake. Waliotunga hadithi hawakuona moto huo. Waliutazama mlima kwa makini, wakausoma sawasawa.

Kwa hiyo wazee wanaposema jiwe fulani lilishuka usiku, au korongo fulani halijengwi, tusikimbilie kucheka wala kuamini kila neno. Tuulize: lilitoka upande gani? Maji yalipita wapi? Nani aliwahi kuhama hapo, na kwa nini? Majibu hayo yaandikwe na yapelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya viwanja kugawiwa. Mawe mengi makubwa ndani ya korongo au kwenye mdomo wake ni alama kuwa maji yenye nguvu yaliwahi kupita hapo.

Kupasua mawe kwa ajili ya kokoto kuna hatari yake pia. Jiwe la mtelemkoni huwa limezuia udongo na mawe ya juu yake. Likiondolewa wakati wa kiangazi, mvua ya masika huweza kushusha vilivyobaki.

Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, fuatilia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Angalia nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, na chemchemi iliyogeuka tope ghafla. Mto ukipungua wakati mvua bado inanyesha, huenda umezibwa huko juu na utafunguka kwa kishindo. Ukiona hayo, usisubiri kukusanya vyombo. Ondoa watoto na wazee kwanza, kimbilia sehemu iliyoinuka pembeni mwa korongo, na usikimbie kuteremka kulifuata.